Gauni Lisilochanika

Mabega haya sikuzaliwa nayo. Nalisema mapema, maana wauza nguo wa mji huu hunitazama kana kwamba nilikwenda mahali nikayaagiza kwa makusudi. Nilizaliwa mwembamba kama mdogo wangu. Mabega nimepewa na shuka za hospitali. Huu ni mwaka wa kumi na tisa nafua katika chumba cha kufulia nyuma ya wodi ya wazazi, na katika miaka hiyo mashine ya kukamua imefanya kazi miaka miwili tu. Iliyobaki, mashine ni mimi. Shuka kavu si kitu, hata mtoto anaibeba. Shuka iliyolowa, tena imejisokota na wenzake kumi ndani ya karai, ni ndama. Unaiinua, unaikamua, unaitupa juu ya kamba, unarudi kumchukua ndama mwingine. Mpaka saa sita mchana nimeshabeba zizi zima.

Kazini wananiita Tingatinga. Sikasiriki. Gari la wagonjwa likikwama kwenye tope huja kuniita mimi, na likitoka dereva hunipa mkono kama mwanamume mwenzake. Siku za kazi mwili huu ni mali. Lakini tingatinga halivai gauni, na mwezi uliopita nilitakiwa nivae gauni.

Nina mtoto mmoja, binti. Mtaa mzima unamwita Twiga kwa sababu ya urefu. Baba yake ndiye aliyekuwa mrefu. Akamwachia urefu huo, hakuacha kingine, akatangulia mbele ya haki binti akiwa bado anatambaa. Mimi nafika begani kwa mwanangu nikijinyoosha. Amesoma uuguzi miaka mitatu, na mwezi uliopita alirudi nyumbani na barua ya chuo, akanisomea akiwa amesimama mlangoni, viatu bado mguuni. Barua ilisema kila mhitimu aje na watu wawili, na kwamba mzazi wake ndiye atakayemvika kofia ya uuguzi mbele ya watu wote. Ikasema pia kuhusu mavazi: akina mama wavae gauni la heshima, la buluu iliyoiva, lenye mikono.

Alipomaliza kusoma akaikunja barua, akaniuliza, "Mama, utavaa nini?"

Aliuliza bila ubaya, naapa. Lakini mimi nilisikia miaka kumi na mitatu ndani ya swali hilo.

Alikuwa na miaka tisa. Shuleni kwao kulikuwa na mkutano wa wazazi, watoto wamepangwa nyuma kusikiliza. Mwalimu mkuu akauliza nani ana swali. Mimi nilikuwa nalo, tena la maana, kuhusu choo cha wasichana kisicho na mlango. Nikanyoosha mkono. Blauzi ikaachia kutoka kwapani hadi kiunoni, praaa, na nina hakika hata waliokuwa jikoni walisikia. Watu walicheka. Hata mimi ningecheka, ingekuwa ya mwenzangu. Swali sikuuliza, nikakaa nimejibana ubavu kwa mkono mpaka mwisho. Tuliporudi nyumbani binti yangu alitembea mbele yangu hatua ishirini, hakugeuka hata mara moja. Njia nzima nilikuwa natazama kisogo chake. Muhula uliobaki walimwita Mtoto wa Praaa, na mlango wa choo haukuwekwa mpaka alipomaliza shule.

Kwa hiyo alipouliza nitavaa nini, nilimjibu, "Gauni la buluu, mwanangu. Na halitachanika."

Akacheka. "Nani kasema litachanika?"

Hakuna aliyesema. Lakini ahadi ni deni, hata ile uliyojipa mwenyewe.

Nilianza na maduka, nikafuatana na mdogo wangu wa kike. Yeye anauza miwani, mikono yake ni ya kushika vitu vinavyovunjika, na nguo yoyote akiitupia mwilini inamkaa. Duka la kwanza msichana alinipima kwa macho akasema, "Mama, saizi kubwa tunazo." Watu wanadhani mwili mkubwa ni mwili mnene. Mimi si mnene. Nina mabega, nina mgongo, nina mikono, halafu kiuno kinaingia ndani kama cha msichana. Ile saizi kubwa ilienea mabegani kwa shida, na kiunoni ungeweza kupangisha chumba. Akaniletea ndogo. Ile ikapita kichwani, ikafika mabegani, ikakataa kwenda mbele, ikakataa kurudi nyuma. Nikabaki ndani ya kile chumba cha kujaribia nguo, mikono juu, kichwa ndani ya gauni la watu, sioni kitu, napumua pamba. Nikamwita mdogo wangu. Mdogo wangu akamwita msichana, msichana akamwita mwenzake. "Moja, mbili, tatu," nikawasikia wakihesabu, wakanivuta kama wanang'oa muhogo. Nilipotoka nilikuwa natweta na wao wanatweta. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

Duka la pili muuzaji alinishauri, kwa adabu kabisa, nijaribu upande wa wanaume. Kwenye mitumba nilipekua marundo siku mbili baada ya kazi. Mzee mmoja muuzaji aliniangalia nikirudisha gauni la tisa, akasema, "Dada yangu, nikwambie ukweli. Nguo hizi zilishonwa kwa ajili ya watu wanaobeba pochi." Nilimshukuru. Alikuwa wa kwanza kusema kosa si langu, ingawa na yeye hakuwa na la kunivalisha.

Ikabaki kushonesha. Mtaani kwetu kuna fundi tunayemwita Fundi Kesho, kwa sababu nguo zake zote huwa tayari kesho. Lakini mkono wake hauna mpinzani. Ana patani zake, vielelezo vya kukatia nguo, alizokata kwenye maboksi ya sabuni, zimening'inia ukutani kama majani ya mgomba, na husema kwa kila anayeingia: "Miaka thelathini, gauni langu halijarudi." Nilimpelekea kitambaa cha buluu, mita tatu za mwisho katika lile jora. Muuza vitambaa aliniapia kwamba rangi ile hataipata tena, nikachukua zote.

Fundi akatoa futikamba shingoni. "Tulia, Mama Twiga. Usikaze."

"Sijakaza."

"Legeza mkono."

"Nimelegeza, fundi."

Akazungusha futikamba juu ya kiwiko, akaitazama, akanitazama usoni, akaitazama tena. "Sentimita arobaini na moja," akasema kwa sauti ya chini, kama anayemsomea mwenzake matokeo mabaya. Akapima mgongo, akaguna. Akachukua penseli na kuandika nyuma ya kalenda ya mwaka juzi. Nilimwona akiandika. Sikuona anaandika nini.

Nikaambiwa kesho mara nne. Mara ya tano gauni lilikuwa limening'inia kwenye msumari, limepigwa pasi, na moyo wangu ukaruka. Nikaingia nyuma ya pazia. Mkono wa kulia ukaingia mpaka kwenye kiwiko, ukagoma. Wa kushoto hivyo hivyo. Nikatoka nimeshika gauni kifuani kwa viganja, mgongo wote wazi, khanga nimeitupia juu.

Fundi Kesho akanizunguka mara mbili. Kisha akaishusha ile kalenda na kuiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Uliandika ngapi?" nikamuuliza.

"Thelathini na nne."

"Ulisema arobaini na moja. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Nilisema." Akajikuna shingo. "Mama Twiga, nimewashonea wanawake miaka thelathini. Mkono wa arobaini na moja sijauona. Nilijua umekaza, ila unaona haya kusema. Nikakupunguzia kwa akili."

"Kwa akili ya nani?"

Akaigeuza ile kalenda kifudifudi.

"Na mgongo?"

"Mgongo nao nilipunguza. Kidogo."

Nimeshakutana na watu wengi walioniona mkubwa kupita kiasi. Huyu alikuwa wa kwanza kunipunguza kwa heshima. Nilitaka kumrushia ile pasi yake ya makaa, na Mungu anajua ningeifikisha mbali. Lakini hasira ingenisaidia nini? Kitambaa kilikuwa kimeshakatwa. Jora lilikuwa limekwisha. Sherehe ilikuwa baada ya siku sita. Nilikaa kwenye benchi lake nikalia, mimi Tingatinga, mbele ya mteja aliyekuja kuchukua suruali. Fundi naye akakaa chini, akafumua gauni zima mshono baada ya mshono bila kuinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno kesho.

Alifanya alichoweza. Mkanda akaukata vipande, pindo la chini akalifupisha, kola akaiondoa, na kila kitambaa kidogo alichopata akakipachika: vipande viwili kwapani, viwili mgongoni, kingine ubavuni, vyote kwa ufundi kiasi kwamba usingeona mpaka uambiwe. Siku nne baadaye nikalivaa. Likaingia. Mdogo wangu aliyekuwa mlangoni akasema, "Eh!" Nikajitazama kwenye kioo kirefu cha fundi chenye ufa. Nilikuwa nimesahau kwamba nina kiuno. Nilikuwa nimesahau kwamba shingo yangu ni nzuri. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi, mama mzima wa miaka arobaini na sita.

"Inua mikono taratibu," fundi akasema.

Nikainua. Hadi kifuani gauni lilitii. Juu kidogo ya kifua likaanza kulalamika kwapani. Fundi akanishika viganja upesi. "Hapo hapo. Usivuke." Akachukua chaki na kuchora mstari ukutani, usawa wa mikono yangu. "Huu ndio mpaka wako, Mama Twiga. Chini ya hapa gauni lako. Juu ya hapa si lako tena. Kitambaa kimeisha, hata cha kuzibia tundu la sindano sina."

Nilimweleza kwamba kazi yangu siku hiyo ni moja tu, kumvika binti kofia. Na hapo tulikuwa na bahati, tukadhani. Twiga alinieleza walivyofanya mazoezi chuoni: wahitimu wanakaa kwenye viti jukwaani, wazazi wanasimama nyuma yao, wanawavika wakiwa wameketi. Fundi akavuta kigoda chake, akakaa, akanyoosha mgongo. "Mimi ni Twiga," akasema. Nikaivua kofia yake ya kila siku, nikamvika kutoka nyuma. Mikono haikufika hata kwenye mstari wa chaki. Tukarudia. Nilimvika mara saba, mdogo wangu akipiga makofi kila mara, na mara ya saba fundi akanyanyuka na kutoa saluti. Tulicheka sote. Nasema haya kwa sababu ndiyo mara ya mwisho nilipocheka ndani ya lile gauni.

Asubuhi ya sherehe zipu ikaleta ukaidi wake. Ilipanda hadi katikati ya mgongo, ikafunguka meno. Fundi Kesho hakushangaa. Aliitoa kabisa, akanisimamisha mbele ya dirisha, akanishonea mgongo kwa mkono nikiwa ndani, kutoka kiunoni hadi shingoni, kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Nilisikia sindano ikipita karibu na ngozi. Akakata uzi kwa meno. "Ukirudi nyumbani mtu akufumue," akasema. "Peke yako hutoki."

Ukumbi wa chuo ulikuwa umefurika. Kila mhitimu aliambiwa aje na watu wawili, wengine walikuja na ukoo. Watu walijazana kwenye madirisha, wazee wamesimama wameegemea kuta. Wanawake nisiowajua walinisimamisha njiani. "Dada, gauni limekukaa!" Mmoja akaniuliza fundi wangu ni nani. Nilikuwa natembea wima, viwiko vimenibana ubavuni, kama mtu aliyebeba mayai kwapani, na wao wakadhani ndio madaha.

Kisha nikawaona vijana wawili wa chuo wakipanda jukwaani. Wakainua kiti cha kwanza. Wakainua cha pili. Wakaanza kuvishusha vyote, kimoja kimoja, kuwapa wazee waliokuwa wamesimama. Jambo jema kabisa. Nani angewapinga? Kila mzee alipokaa watu walipiga makofi. Nikamshika mdogo wangu mkono. "Viti," nikamwambia. "Wanaondoa viti."

"Watarudisha," akasema.

Hawakurudisha. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, akatangaza kwamba kwa kuwa wageni ni wengi kuliko ilivyotarajiwa, wahitimu watavikwa kofia wakiwa wamesimama. Wakaingia kwa mstari mmoja, nyeupe tupu, kila mmoja ameshika mshumaa unaowaka kwa mikono miwili. Wakasimama kuwatazama watu, migongo yao kwetu sisi tuliopangwa nyuma ya jukwaa. Mkufunzi wao alipita akiwakumbusha: macho mbele, mshumaa usitikisike, asiyegeuka ndiye muuguzi. Binti yangu alikuwa wa tano kutoka mwisho, mrefu kuliko wote, amenyooka kama mnara wa simu.

Nilijaribu kumfikia mkufunzi nimwambie. Nimwambie nini? Kwamba mwili wangu na gauni langu havijapatana? Alikuwa ameshapita.

Tukaitwa kumi kumi. Kila mzazi na mwenziwe. Nikapanda, kofia mikononi, ndogo, nyeupe, imepigwa wanga mpaka inalia ukiigusa. Mdogo wangu nyuma yangu na pochi zetu mbili. Nikasimama nyuma ya mwanangu. Mbele ya macho yangu kulikuwa na mabega yake, na juu ya mabega, mbali, kisogo chake.

Wazazi wenzangu wakainua mikono. Kulia kwangu, kushoto kwangu, kofia zikapanda, kofia zikatua, watu wakapiga vigelegele. Nikainua yangu. Kifuani, sawa. Nikapita kifua. Nikausikia uzi wa kwanza kwapani ukikatika, tuk. Halafu wa pili. Kofia ilikuwa imefika kwenye mfupa wa bega lake, na kichwa kilikuwa bado shibiri mbili juu.

"Inama," nikamnong'oneza. "Twiga, inama kidogo."

Spika kubwa ilikuwa hapo hapo pembeni ikipiga muziki. Hakusikia. Mshumaa wake haukutikisika hata kidogo.

Ningeweza kuvuka. Nataka ieleweke hivyo. Mkono unaoinua ndama wa shuka siku nzima haushindwi na kofia ya wanga. Ilikuwa ni kuinua tu, kama ninavyotupa nguo kwenye kamba, na gauni lingepasuka kutoka shingoni hadi kiunoni mbele ya mgeni rasmi na watu mia tano, nao wangecheka, na mwanangu angekuwa Mtoto wa Praaa katika siku yake ya kwanza ya uuguzi. Nilikitazama kile kisogo. Kilikuwa ni kile kile. Mikono yangu haikupanda wala haikushuka.

"Yule mama pale wa mwisho mwisho," mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "tunakusubiri wewe tu, mama."

Wakacheka kidogo, kicheko cha upendo. Jasho likanitiririka ndani ya bitana. Nilijiambia, inua. Nilijiambia mara tatu. Sijui kwa nini sikuinua, na nimejiuliza kila siku tangu siku ile. Nilikuwa na nguvu zote nilizopewa na Mungu na hospitali, na hazikunisaidia kitu.

Mdogo wangu akaning'iniza pochi zote mbili kwenye kiwiko chake. Akachukua kofia kutoka mikononi mwangu, taratibu, kama anavyomvua mteja miwani. Akapanda kwenye ncha za viatu. Akamvika mwanangu kofia, akaisawazisha kwa vidole viwili. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Taa ya kamera ikamulika. Binti yangu alisimama vile vile, macho mbele, na hakugeuka.

Tuliposhuka, mdogo wangu alinivuta nyuma ya pazia. "Dada, nimekuokoa," akasema. "Hajaona. Usimwambie, utamharibia siku." Alikuwa anasema kweli. Alikuwa ameniokoa. Nilimwambia asante, na nilitaka kumng'oa masikio.

Jioni nyumbani, wageni walipokwisha kuondoka, binti yangu alinipeleka chumbani anifumue. Alikuwa bado kwenye sare yake nyeupe. Akatoa mfukoni mkasi mdogo wa kiuguzi, ule wenye ncha butu wanaokatia bandeji, mpya kabisa. "Mgonjwa wangu wa kwanza," akasema. "Simama wima, usitikisike."

Akaanza kutoka shingoni. Uzi mmoja, mwingine. Kila ulipokatika nilihisi mbavu zangu zikirudi mahali pake.

"Mama, nikwambie kitu?"

"Niambie."

"Nilikuwa naogopa leo. Nilijua utanikandamiza ile kofia kama unavyokandamiza shuka kwenye karai." Akacheka peke yake nyuma yangu. "Na nikakusikia umechelewa, na yule bwana anakutania, nikasema mama amepatwa na nini. Halafu ukanivika taratibu hivyo. Vidole vyako hata sikuvisikia vizuri. Nikasema moyoni, kumbe mikono ya mama inaweza kuwa myepesi hivi. Kidogo nilie, nizime mshumaa."

Nikafungua mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa machache, hayakuzidi sita. Si mimi, mwanangu, ni mama mdogo. Mtoto angeweza kuyasema. Yalifika kwenye meno yakakaa hapo.

Uzi wa mwisho ukakatika. Gauni likaniteleza, likaanguka miguuni, na mikono yangu ikapanda yenyewe juu, juu kabisa, mpaka vidole vikagusa mbao za dari. Haikuwa na kitu cha kushika huko.

"Sasa unapumua," akasema.

"Napumua."

Akaliokota gauni, akaligeuza huku na huku kwenye taa, akachungulia kwapani. "Nyuzi mbili tu, mama. Halijachanika mahali popote. Si ulisema?" Akalikunja kwa uangalifu, akaliweka kitandani. Kisha akaonyesha ukuta mtupu ulio mkabala na mto wangu. "Nimemwomba mpiga picha anikuzie moja tu. Zile nyingine sizitaki. Ile ya wewe ukinivika kofia. Tutaitundika pale, uwe unaiona kila ukiamka."

"Inatoka lini?"

"Jumamosi."

Leo ni Ijumaa. Gauni nimelifua, nimelikamua kwa mkono, nimelianika. Fundi Kesho anapita kila siku kuuliza kama picha imetoka, kwa sababu naye anataka kuiona. Mdogo wangu amenipigia simu mara mbili, sijapokea. Binti yangu ameshapigilia msumari ukutani, na sasa hivi yuko jikoni anaimba. Bado sijamwambia.